Mwananchi amkosoe jaji hadi wapi, na stahili za majaji zipo kwa faida ya nani?

Mzawa wa Kaloleni anauliza:

Ndugu wanajukwaa, ninaomba maoni ya wale wanaoifahamu Mahakama ya Kenya kwa karibu kuliko mimi. Jamaa zangu wana kesi ya ardhi katika mahakama moja ya kanda ya Pwani. Ushahidi wa pande zote mbili ulifungwa kitambo, mawakili wakawasilisha hoja zao za mwisho kwa maandishi, na tangu hapo tumekuwa tukipewa tarehe ya kusomewa hukumu. Kila tarehe inapofika, karani hutueleza kwamba hukumu haijawa tayari na kwamba tutajulishwa. Mzee aliyeifungua kesi hiyo amefariki bila kuisikia.

Katika kikao cha ukoo kilichofuata mazishi, vijana walisema maneno makali sana. Walisema kwamba majaji wameshiba, kwamba mshahara wao hauguswi hata faili zikikaa miaka, na kwamba mtu akishaapishwa ameingia katika maisha ya raha ambayo hakuna anayeweza kumtoa. Wazee waliwakataza, wakihofia kwamba maneno hayo yanaweza kuhesabiwa kuwa kudharau mahakama na kuiharibu kesi yetu. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa sikuwa na jibu la kuwapa vijana wala wazee.

Lililonitia wasiwasi zaidi ni kwamba maneno ya vijana wale yalifanana na yale tuliyoyasikia Januari 2024, wakati Rais alipowashutumu majaji hadharani kuwa wafisadi na kusema kwamba hatakubali amri zao zikwamishe mipango ya serikali, baada ya Mahakama Kuu kuzuia ushuru wa nyumba na sheria mpya za bima ya afya. Tunakasirika kwa sababu hatupati hukumu, naye alikasirika kwa sababu aliipata. Inakuwaje basi tunasema maneno yaleyale?

Kwa hiyo nina maswali mawili. La kwanza ni hili: mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kumkosoa jaji hadi wapi, hasa tukikumbuka kwamba jaji haendi redioni kujitetea? La pili linahusu gari, dereva, mlinzi, bima ya matibabu, mkopo wa nyumba wenye riba nafuu, kazi hadi umri wa miaka 70 na malipo ya uzeeni. Stahili hizo tunamlipa jaji ili tupate nini?

Wakili wa Nyali anajibu:

Ndugu yangu, poleni kwa msiba wa mzee na poleni kwa kungoja.

Swali la kwanza lina jibu lililo wazi kuliko watu wengi wanavyodhani. Wazee wenu wana hofu iliyorithiwa kutoka sheria ya Kiingereza, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa na kosa la kuichafulia mahakama jina. Lakini hata chini ya sheria hiyo, mwaka 1936, Baraza la Faragha la Uingereza (Privy Council), lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, lilifuta adhabu ya mhariri wa gazeti la Trinidad ambaye alikuwa ameandika kwamba majaji wa kisiwa hicho walitoa vifungo visivyolingana kwa makosa yanayofanana. Lord Atkin alisema katika hukumu hiyo kwamba haki haina budi kuvumilia kuchunguzwa na kusemwa waziwazi, kwa heshima, na watu wa kawaida. Waingereza wenyewe walikuja kulifuta kosa hilo huko Uingereza na Wales mwaka 2013. Hapa kwetu, Sheria ya Kudharau Mahakama ya mwaka 2016 ilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba mnamo Novemba 2018. Mahakama zetu za juu zimebaki na mamlaka ya kumwadhibu anayekaidi amri au anayevuruga kesi inayosikizwa, nayo ni mamlaka ya lazima, lakini mtu hafungwi kwa kusema kwamba hukumu fulani ina makosa, au kwamba imechelewa bila sababu. Anachoweza kujibu mahakamani ni madai kwamba jaji fulani, kwa jina, alikula rushwa, ikiwa hana ushahidi wowote, kwa sababu jaji naye ana haki ya kulinda jina lake.

Swali la pili linanigusa zaidi, kwa kuwa nilianza kazi hii katika miaka ambayo wengi wa vijana wenu hawakuwa wamezaliwa. Mwaka 1988 Bunge la chama kimoja lilibadilisha Katiba na kuondoa ulinzi wa ajira ya majaji, hata Rais akawa na uwezo wa kumwachisha jaji kazi kama anavyomwachisha mtumishi mwingine yeyote. Ulinzi huo ulirudishwa mwaka 1990. Mtu aliyefika mahakamani siku hizo akiwa na kesi dhidi ya serikali anajua vizuri jaji mwenye hofu anavyofanana. Alisoma faili yako, akakusikiliza kwa adabu, kisha akatafuta kasoro ndogo ya utaratibu ili asilazimike kuamua jambo lenyewe.

Kwa sababu hiyo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 160, ilisema kwamba malipo ya majaji yatatoka moja kwa moja katika hazina kuu, kwamba hayatabadilishwa kwa namna ya kumuumiza jaji, na kwamba jaji hashtakiwi kwa jambo alilolitenda kwa nia njema katika kazi yake. Kifungu cha 167 kinampa ajira hadi miaka 70, akipenda anastaafu baada ya 65. Waliotunga masharti hayo walikuwa wakikumbuka mwaka 1988, na lengo lao lilikuwa kwamba siku mkulima wa Kaloleni anaposhindana na wizara, yule anayeamua asiwe anahofia ada za shule za watoto wake.

Katiba hiyohiyo haikumfanya jaji kuwa mtu asiyeguswa. Kifungu cha 168 kinamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi kwa Tume ya Huduma za Mahakama ili jaji aondolewe kwa utovu wa nidhamu uliokithiri, kutoiweza kazi, kukiuka maadili, kufilisika, au kushindwa kufanya kazi kwa sababu ya maradhi ya mwili au akili. Tume ikiridhika, humwandikia Rais, naye ana siku 14 za kumsimamisha jaji huyo na kuunda jopo la kumchunguza, na muda wote huo jaji hulipwa nusu ya stahili zake. Haya yamewahi kutendeka. Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza alilalamikiwa kwa kumtisha mlinzi wa duka mkesha wa mwaka mpya wa 2012, jopo likapendekeza aondolewe, naye akajiuzulu Oktoba mwaka huohuo. Mlinzi wa duka alimshinda mtu wa pili kwa ukubwa katika Mahakama yote ya Kenya, nami nadhani hatujaitafakari habari hiyo vya kutosha.

Ulivyouliza kuhusu Rais, nionavyo mimi tofauti ni kubwa. Mwananchi akisema jaji amekosea, jaji hapotezi kitu. Rais akisema hivyo huku akiahidi kutotii, anazungumza mtu mwenye polisi na mwenye bajeti. Chama cha Mawakili kiliandamana Januari ile kwa sababu hiyo, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioandamana.

Binti Mwambao anajibu:

Ninamheshimu Wakili wa Nyali na sina ugomvi na historia aliyoieleza, lakini ninaona kwamba historia hiyo hutumiwa kila mara mwananchi anapouliza swali la leo. Ukiuliza kwa nini hukumu haijaandikwa, unaelezwa habari za mwaka 1988. Ukiuliza kwa nini jaji anahitaji stahili hizi zote, unaelezwa kwamba bila hizo atakuwa mwoga. Je, tumezipata zile hukumu za kijasiri na za haraka ambazo stahili hizo zilikusudiwa kuzileta?

Tutazame majaji walivyofanya pale jambo lililokuwa mbele yao lilipokuwa ni maslahi yao wenyewe. Katiba iliweka umri wa kustaafu kuwa miaka 70. Baadhi ya majaji walioteuliwa chini ya Katiba ya zamani, akiwemo Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal na Jaji Philip Tunoi wa Mahakama ya Juu, walidai kwamba wao wana haki ya kubaki hadi miaka 74. Kesi zao zilitoka Mahakama Kuu, zikafika Mahakama ya Rufaa iliyoamua Mei 2016 kwamba umri ni 70, kisha zikapelekwa Mahakama ya Juu, ambako wenzao walio wengi walikataa kuendelea nazo mwezi Juni. Miezi ile, Wakenya waliokuwa na rufaa zao waliona mahakama kubwa kuliko zote nchini ikigawanyika kwa sababu ya miaka minne ya ajira ya watu wachache. Kibaya zaidi, Jaji Tunoi alikuwa tayari ameundiwa jopo la kuchunguza madai kwamba alipewa rushwa ya dola milioni 2 katika kesi ya uchaguzi, madai aliyoyakana. Alipoonekana kuwa amestaafu kwa umri, jopo likakosa mtu wa kumchunguza. Hatukupata kujua kama alionewa au la. Kama alionewa, yeye mwenyewe alinyimwa siku ya kusafishwa jina.

Kuhusu kukosolewa, Wakili amesema kwamba jaji hapotezi kitu. Je, mkosoaji naye? Januari 2024 Mahakama ya Juu ilimwandikia wakili Ahmednasir Abdullahi kwamba haitamsikiliza tena yeye wala mawakili wa kampuni yake, kwa sababu ya maneno aliyokuwa akiyasema hadharani dhidi ya majaji wa mahakama hiyo. Sisemi kwamba maneno yake yalikuwa ya adabu, wala sijui kama madai yake ya ufisadi yana ushahidi. Ninachosema ni kwamba wateja wake hawakuwa wamemtukana mtu, lakini wao ndio waliojikuta hawana mtetezi waliyemchagua katika mahakama ya mwisho ya nchi, na walioamua hivyo ni walewale waliolalamika kwamba wametukanwa. Mwaka 2025, maombi ya kuwaondoa majaji wa Mahakama ya Juu yalipofika mbele ya Tume, Mahakama Kuu ilitoa amri ya kuisimamisha Tume isiyasikize kwanza. Huenda sheria inaruhusu, nami si mwanasheria. Lakini kijana wa Kaloleni anayeyatazama haya kutoka nje anaona majaji wakiwalinda majaji, na mtu asimlaumu kwa kuona hivyo.

Ndugu Mzawa, usiwakataze vijana wenu kusema. Wafundishe kusema kwa tarehe na kwa namba ya kesi.

Mdau wa Mwanza anajibu:

Wakuu, naomba niongeze yanayotoka upande wa pili wa mpaka, kwa sababu nikiwasoma Wakenya mnavyolalamika naona mna vitu ambavyo sisi Tanzania bado tunavitamani.

Hapa kwetu Jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na miaka 60, na Jaji wa Rufani akiwa na miaka 65. Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa Rais uwezo wa kumtaka jaji aliyefikia umri huo aendelee na kazi, akiona kuna manufaa ya umma na jaji mwenyewe akikubali. Mwaka 2023 Jaji Mkuu Ibrahim Juma alipofikisha miaka 65 aliongezewa muda kwa utaratibu wa namna hiyo, akaendelea hadi Juni 2025. Uongezaji huo ulipingwa mahakamani na wakili mmoja, na pingamizi halikufanikiwa. Simtuhumu Profesa Juma kwa lolote. Jaji Mkuu huyu ndiye aliyesimamia ujenzi wa mahakama nyingi na mfumo wa kuendesha mashauri kwa mtandao. Ninachokihofia ni utaratibu wenyewe. Jaji anayekaribia umri wa kustaafu na anayependa kubaki kazini anajua nani mwenye kalamu. Hata asipopendelea serikali hata siku moja, wananchi watamtilia shaka, na kwa jaji shaka hiyo ni hasara tosha.

Hivyo ninaona kwamba gari na nyumba havina tatizo kubwa kama lilivyo tatizo la nani anayevitoa, na kwa masharti gani. Starehe iliyowekwa na sheria, inayofanana kwa kila jaji, na isiyoongezwa wala kupunguzwa na mtu mmoja, inaweza kumfanya jaji kuwa huru kweli. Starehe hiyohiyo ikitolewa kwa hiari ya mkubwa, inamfunga.

Nitoe mfano ambao utawaudhi baadhi ya Watanzania wenzangu. Mapema mwaka 2021, Jaji Zephrine Galeba akiwa Musoma aliandika uamuzi kwa Kiswahili katika shauri lililouhusu mgodi wa dhahabu wa North Mara. Lilikuwa jambo la kishujaa na lililochelewa kwa miongo mingi, kwa sababu wananchi wetu walikuwa wakifungwa na kunyang'anywa mashamba kwa hukumu za Kiingereza wasizoweza kuzisoma. Tarehe 1 Februari mwaka huo, katika Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais Magufuli alimsifu mbele ya umati na kumpandisha kuwa Jaji wa Rufani kwa sababu ya uamuzi huo. Sote tulipiga makofi, na baadaye mwaka huohuo sheria ikabadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Jaji alistahili. Lakini majaji wengine wote waliokuwa wakisikiliza siku ile walijifunza kwamba hukumu inayomfurahisha mkuu wa nchi inaweza kuleta cheo upesi. Kama uamuzi mwema unaweza kulipwa hivyo, na ule usiofurahisha utalipwaje?

Kenya mnawahoji watu wanaotaka ujaji mbele ya kamera, na mwananchi anaweza kupeleka taarifa kuhusu mwombaji kabla hajateuliwa. Kwetu majina hupelekwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama kwa Rais, na sisi tunayasikia siku ya uteuzi. Ukosoaji wetu unaanza mtu akiwa ameshaapa. Ninyi mnaanza mapema, na naona hamjui thamani ya hilo.

Mzawa wa Kaloleni anaandika tena:

Nawashukuru nyote. Dada Binti Mwambao ameyasema yaliyokuwa moyoni mwa vijana wetu kwa lugha ambayo wazee wasingeikataa, na maneno ya Mdau wa Mwanza kuhusu nani anayezitoa stahili hizo yamenifikirisha sana.

Nina swali moja la nyongeza, nalo ni la watu wasio na uzoefu. Hukumu inapochelewa, kuna sheria yoyote inayosema ilipaswa kutoka lini? Na tukiandika malalamiko, jaji huyohuyo ndiye atakayeiandika hukumu. Hatuoni kwamba tutakuwa tumejiponza?

Karani wa Zamani anajibu:

Mheshimiwa Mzawa, nilifanya kazi masjala ya mahakama hadi nilipostaafu, kwa hiyo nitajibu kutoka kule nyuma ya kaunta.

Sheria ipo. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, agizo la 21, zinataka hukumu itolewe mara kesi inapokwisha au ndani ya siku 60. Ikishindikana, jaji anatakiwa kuandika sababu za kuchelewa, nakala ya sababu hizo ipelekwe kwa Jaji Mkuu, na tarehe mpya ipangwe papo hapo. Mwambieni wakili wenu aiulizie masjala, kwa barua ya heshima inayotaja kanuni hiyo, kama sababu hizo ziliandikwa. Barua kama hiyo haimtukani mtu. Nimeziona zikifika, na nimeona faili zilizokuwa chini ya rundo zikipanda juu. Ikiwa hakuna jibu, kuna ofisi ya kupokea malalamiko dhidi ya watumishi wa Mahakama, iliyo chini ya ofisi ya Jaji Mkuu, na baada yake ndiyo Tume. Hofu ya kujiponza ninaielewa, lakini hukumu ya jaji ina sababu zilizoandikwa na ina rufaa, kwa hiyo mwenye kisasi hana mahali pazuri pa kukificha.

Msitarajie, hata hivyo, kwamba jaji atafukuzwa kwa kuchelewa. Jaji Martin Muya alipelekwa mbele ya jopo kwa sababu alikaa miezi bila kutoa sababu za uamuzi mmoja katika kesi iliyoihusu benki. Jopo lilipendekeza aondolewe, naye akakata rufaa Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2022 iliona kwamba kosa lake halikufikia kiwango cha kumwondoa kazini. Binti Mwambao ataiona kuwa ni majaji wakilindana. Mimi naona kwamba kati ya kuonywa na kufukuzwa palihitajika adhabu ya katikati, ambayo Katiba haikumwekea jaji, na kwa kukosekana kwake wengi hawaguswi kabisa.

Sasa niseme jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Mnaposema Mahakama ina starehe, mnazungumza juu ya majaji, nao ni wachache. Mwananchi wa kawaida hukutana na hakimu, na katika maisha yake yote huenda asimwone jaji. Ule ulinzi wa kifungu cha 160 dhidi ya kupunguziwa malipo umewataja majaji tu. Hakimu huhamishwa kutoka Garissa hadi Homa Bay kwa barua, huandika maelezo ya mashahidi kwa mkono hadi vidole vikafa ganzi, na jioni hupita sokoni peke yake akipishana na ndugu wa mtu aliyemfunga asubuhi. Juni 2024 Hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi na mkuu wa kituo cha polisi akiwa kazini katika mahakama ya Makadara, Nairobi, baada ya kuifuta dhamana ya mke wa afisa huyo, akafariki kutokana na majeraha. Niliwafahamu mahakimu wa umri wake, nami siku ile sikuweza kula. Kila nikisikia maneno kwamba kazi ya kuhukumu ni ya raha, namkumbuka yeye.

Hata kwa majaji, mlinzi hayuko pale kwa ajili ya fahari. Septemba 2024 Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi kifungo cha miezi sita kwa kukataa kufika mahakamani kueleza waliko watu waliotoweka. Siku chache baadaye walinzi wa jaji huyo waliondolewa. Jaji Mkuu Martha Koome alilalamika hadharani, na ndipo nchi ilipogundua kwamba ile bunduki tunayoihesabu katika marupurupu ya jaji iko mikononi mwa ofisi ambayo jaji anaweza kulazimika kuihukumu. Mwaka 2019 Jaji Mkuu David Maraga alikuwa amesema jambo la aina hiyo kuhusu bajeti, kwamba ikikatwa, mahakama zinazozunguka vijijini zitasimama. Anayeumia mahakama ya kuzunguka ikisimama ni mama wa Turkana, ambaye itambidi asafiri kwa lori kutafuta matunzo ya mtoto wake.

Mimi ningependa majaji wapunguziwe vitu vichache vya heshima, na mahakimu waongezewe vya usalama. Misafara na mapokezi ya majaji wanapozuru vituo ilitugharimu siku nzima za kazi, na faili hazikusogea siku hizo. Nilikuwa nikisema hivyo nikiwa kazini, na ninasema tena leo.

Binti Mwambao anajibu:

Mzee Karani, nimeyasoma maneno yako kuhusu Hakimu Kivuti mara mbili, na ninakubali kwamba neno starehe halimfai hakimu wa Makadara wala wa Garissa. Lawama yangu inabaki kwa walio juu, nami naielekeza mahali pamoja. Mahakama hutoa ripoti kila mwaka kuhusu hali ya utoaji wa haki, yenye idadi ya kesi zilizofunguliwa na zilizomalizwa. Ninataka tuone pia orodha ya wazi, inayotolewa kila baada ya miezi mitatu, yenye jina la kila jaji na idadi ya hukumu zake zilizopita siku 60, pamoja na zile sababu ambazo umesema sheria inamtaka aziandike. Ikiwa sababu hizo tayari zinatakiwa kupelekwa kwa Jaji Mkuu, ni kipi kinachozuia zisifike kwa mwenye kesi? Anayelipwa na umma, kwa malipo ambayo umma umekatazwa kuyapunguza, asione vigumu kuueleza umma huohuo kazi yake imefikia wapi.

Wakili wa Nyali anajibu:

Dada, orodha hiyo nitaiunga mkono, na niko tayari kuipeleka katika tawi letu la Chama cha Mawakili, lakini kwa sharti kwamba ioneshe pia idadi ya faili alizopewa kila jaji, aina ya kesi zenyewe, na kama ana msaidizi wa utafiti au hana. Kuna kaunti ambako jaji mmoja ndiye Mahakama Kuu yote, anasikiliza mauaji Jumatatu, mirathi Jumanne na pingamizi za uchaguzi msimu ukifika, na orodha yenye jina na hesabu ya ucheleweshaji peke yake itamwonesha kuwa mvivu kuliko mwenzake wa Nairobi aliyepewa theluthi ya mzigo huo. Pia mawakili nasi tuwekewe safu yetu katika orodha hiyo, ya kesi zilizoahirishwa kwa maombi yetu, kwa sababu nyingi ya tarehe zinazopotea kabla ushahidi haujafungwa tunazipoteza sisi.